Mleteni mzee mwenyewe, sio picha ya pasipoti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Najua hii ni ndefu, ukitaka kupunguza punguza tu ila usiguse habari ya mwani na meno, huko mbele utaona kwa nini.

Wiki mbili zilizopita msomaji mmoja aliandika hapa analalamika kwamba mafundi wetu wa sanamu hawajui kufananisha, yani mtu anamchongesha marehemu baba yake anapokea sura ya jirani, akamalizia kwa kutuambia twende tukajifunze kwa ile sanamu ya Askari pale Posta, Dar, maana wazungu waliijua kazi. Nilicheka kwanza, halafu nikakasirika, halafu nikakaa nikaona jamaa ana pointi nusu. Hiyo nusu ntaikubali, ila ya Askari hapana.

Hivi ndugu yangu, yule Askari anafanana na nani? Nakuuliza kwa upole tu. Sanamu ile iliwekwa 1927, ni ya shaba nyeusi, aliitengeneza Muingereza anaitwa James Alexander Stevenson kuwakumbuka askari wa Kiafrika waliopigana Vita Kuu ya Kwanza, singe imeelekea bandarini. Kazi nzuri, sibishi, mi mwenyewe nikipita pale huwa nasimama naangalia mikunjo ya nguo mpaka bajaji zinanipigia honi. Lakini hakuna mama hata mmoja aliyewahi kupita pale akasema huyu sio mwanangu, kwa sababu hakuna aliyeambiwa kwamba ni mwanawe. Ukimchonga mtu asiye na jina huwezi kukosea sura yake. Shughuli inaanza pale unapoambiwa huyu ni fulani bin fulani na wajukuu zake wako hapa wanakusubiri na simu zao mkononi.

Na hilo sio la wabongo peke yetu. Nyie wapenzi wa mpira mnakumbuka ile sanamu ya kichwa cha Cristiano Ronaldo iliyozinduliwa uwanja wa ndege wa Madeira 2017, kazi ya Emanuel Santos, dunia nzima ilicheka wiki nzima na mwaka uliofuata wakaiondoa wakaweka nyingine. Ronaldo! Mtu mwenye picha nyingi kuliko sisi wote tukijumlishwa, na yuko hai, na bado ilikataa. Sasa mpelekee fundi wa Mwenge picha moja iliyopigwa muhuri ya mzee aliyefariki mwaka juzi halafu umwambie afananishe.

Nijitambulishe kidogo. Mimi ni fundi wa Jumamosi. Jumatatu mpaka Ijumaa niko maabara ya meno kwenye hospitali moja hapa Dar, kazi yangu ni kutengeneza meno ya bandia, yale anayokuvalisha daktari hayatengenezi yeye, yanatengenezwa na watu kama sisi chumba cha nyuma tunakula vumbi la plasta. Jioni na wikiendi nakuwa Mwenge kwa wachongaji, kwenye kibanda alichoniachia mjomba wangu. Mi Mmakonde wa Newala na kwetu mjomba ndo mzazi wa kweli, alinifundisha tezo, kile kishoka cha kuchongea, kabla sijajua kusoma. Nachonga mpingo pale ninapoupata, nafinyanga, nasubu alumini, namwaga faiba, yani nyuzi za kioo na resini. Karibu kazi zangu zote ni za kumbukumbu, yani vibao vya makaburi, vichwa vya waasisi wa shule na vikundi, zawadi za wastaafu, ngao za mashindano ya marehemu fulani. Wanyama siuzi. Twiga na vifaru wapo wanaowaweza zaidi yangu.

(Mpingo nao una vituko vyake. Kuna mteja nilimchongea bibi yake kwa mpingo safi, mti ambao unakaa miongo mpaka kukomaa, mzito hadi ukiutupa majini unazama kama jiwe, nikaung'arisha vizuri, akaniangalia akasema fundi mbona bibi umemfanya mweusi hivi. Nikamwambia nikimfanya maji ya kunde basi nakuuzia mti mwingine. Na wapo wanaofanya kinyume, wanachukua mti mweupe wanaupaka kiwi ya viatu wanakuuzia mpingo, ukinunua kinyago beba kwanza mkononi, kikiwa chepesi kama mkate kaa mbali nacho.)

Tatizo letu lenyewe nilielezee kwa mteja mmoja, simtaji. Alikuja kibandani mwezi wa nane na picha ya pasipoti ya baba yake. Imebanduliwa kwenye kitambulisho cha kazi cha zamani, muhuri umekula robo ya uso na sikio moja liko chini ya muhuri. Anataka kichwa na mabega, saizi ya mtu kamili, faiba iliyopakwa rangi ya shaba, iwe tayari siku ya kumbukumbu ya mwaka mmoja. Nikamuuliza, pua ya mzee kwa pembeni ilikuwaje? Akasema ya kawaida. Kisogo? Cha kawaida. Masikio yalikuwa yamesimama au yamelala? Akafikiriaaa, akasema fundi, masikio tu. Mtu kaishi na baba yake miaka 40 hayajui masikio yake, na simlaumu, wewe unayesoma hapa hebu fumba macho uniambie masikio ya mama yako yakoje.

Nikaomba picha zingine. Ikaja moja ya WhatsApp, wapo harusini, mzee yuko mstari wa nyuma kavaa balaghashia, na kijana aliyeituma ameipitisha kwenye ile programu ya kulainisha ngozi kwa hiyo mzee wa miaka 70 hana kunyanzi hata moja, amekuwa kama bwana harusi wa pili.

Basi nikafinyanga kwa udongo. Huwa naita familia ije ione kabla sijatengeneza moldi kwa sababu udongo unasamehe, resini ikishamwagwa haisamehi. Wakaja watu 6. Dada mkubwa akasema mbona baba amekonda. Kaka akasema hapana, amenenepa, baba wa mwisho hakuwa hivi. Wa tatu anamtaka vile alivyokuwa ana gari. Kila mmoja ana baba yake kichwani na mimi natakiwa nitoe mmoja wa udongo, wakaanza kugombana wao kwa wao mpaka majirani wa vibanda wakaacha kazi wanasikiliza. Mjane alikuwa amekaa tu kwenye stuli hajasema kitu. Mwisho akanyanyuka, akaja, akaweka kidole gumba hapa chini ya jicho la kushoto akabonyeza kidogo, akasema "hapa palikuwa pameingia". Akarudi kukaa.

Mhariri, ule mbonyeo ndo kitu pekee kwenye kazi nzima kilichofanana na yule mzee. Sikuugusa. Upo mpaka leo kwenye faiba na ukisogeza taa karibu unaona mistari ya ngozi ya kidole cha yule mama. Mengine yote nilibuni, na watoto wake waliona nimebuni, na hela iliyobaki sijaipata mpaka leo lakini hayo tuyaache.

Kwa hiyo msomaji mwenzangu uliyelalamika, nusu ya pointi yako ndo hii naikubali, hatufananishi. Ila hatufananishi kwa sababu mnatuletea kazi mtu akiwa ameshaondoka. Watu wanachangisha, wanaunda kamati, wanakumbuka sanamu kwenye kikao cha arobaini. Angalia hata kwa wakubwa. Dedan Kimathi, yule kiongozi wa Mau Mau wa Kenya, alinyongwa Februari 18, 1957, sanamu yake ya Nairobi ikazinduliwa siku hiyohiyo 2007, miaka 50 kamili, na picha zake zinazojulikana ni za kuhesabu, maarufu kuliko zote ni ile amelala ametiwa pingu baada ya kukamatwa. Mwalimu Nyerere amefariki Oktoba 1999, sanamu yake pale Umoja wa Afrika Addis Ababa imezinduliwa Februari 2024. Mwalimu angalau ana picha na filamu za kujaza ghala. Baba yako ana picha ya pasipoti.

Mnaogopa uchuro, najua. Ukimwambia mtu mlete mzee nimpime uso anakuangalia kama umemshauri anunue sanda mapema. Kuna mama mmoja alinijibu "wewe unamtakia nini baba yangu?" akachukua pochi akaondoka na hajarudi. Lakini watu haohao wanalipa michango ya mazishi kila mwezi kwenye kikoba na hakuna anayesema ni uchuro, wanajenga makaburi ya familia na kuyawekea marumaru huku mwenyewe anasimamia mafundi. Sura tu ndo inawatisha. Wazee walishasema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi, sasa nyie mnatishwa na ambacho hata hakijachongwa.

Pale nje ya jengo la mikutano la KICC Nairobi kuna sanamu ya Mzee Kenyatta amekaa kwenye kiti, shaba, kazi ya Muingereza James Butler ya 1973. Mzee mwenyewe alifariki 1978. Miaka 5 alikuwa anaweza kwenda kujiangalia pale nje na hakuna kilichompata isipokuwa uzee.

Na kuna kisa ninachokipenda kuliko vyote, cha Abraham Lincoln, huwa nawasimulia wateja mpaka wanachoka. Mwaka 1860 huko Chicago, hajawa rais bado na hana hata ndevu, mchongaji anaitwa Leonard Volk alimpaka plasta usoni, pua wazi apumue, ikakauka kama saa nzima, kuibandua ikang'oka na nywele za pembeni machozi yakamtoka. Baadaye Volk akamfuata nyumbani Springfield kuchukua na mikono. Sasa Lincoln alikuwa ametoka kupitishwa na chama chake kugombea urais, amesalimiana na watu wengi mpaka mkono wa kulia umevimba, na ile plasta ilikamata uvimbe vilevile ulivyo. Volk alitaka ashike kitu mkononi, Lincoln akatoka nje akakata kipande cha mpini wa ufagio akarudi nacho, na kipande kile kipo mpaka leo ndani ya ngumi. Ndio, aliuawa 1865, ila sio plasta iliyompiga risasi. Daniel Chester French alipokuja kumtengeneza yule Lincoln mkubwa aliyekaa kwenye kiti Washington, jengo lililozinduliwa 1922, Lincoln mwenyewe ana zaidi ya miaka 50 kaburini, lakini uso na mikono yake ilikuwepo, hakuna aliyelazimika kuuliza masikio yalisimama au yalilala.

Haya, sasa mwani na meno.

Ukienda kutengenezewa meno unawekewa mdomoni kijiko kikubwa chenye uji mzito wa rangi rangi, unang'ata, dakika mbili tatu unakuwa kama mpira, unatolewa. Ule uji ni alijineti, unga unaotokana na mwani, sio huu wa akina mama wa Paje, ni mwani wa kahawia wa bahari za baridi. Haiunguzi, haishiki ngozi, unaosha kwa maji basi. Nilikaa na kitu hicho kazini miaka 6 nikirudi Mwenge nakuna kichwa jinsi ya kufananisha watu, mpaka siku moja nimesimama na chapa ya fizi za mtu mkononi, naona kila kikunjo, kila kidonda alichokuwa nacho siku ile, nikajisema we mpumbavu. Na kabla hujauliza, hapana, siibi kazini, nanunua kwa hela yangu na risiti ninazo.

Nafanya hivi. Mzee anakaa kwenye kiti cha kuegemea, sio kulala, maana akilala mashavu yanakimbilia masikioni sura inabadilika. Nyusi na ndevu napaka vaselini ya kutosha. Nachanganya alijineti na maji ya baridi ili isiwahi kuganda, nampaka kuanzia kipaji cha uso nashuka, pua naiacha wazi kabisa, sitaki mambo ya mirija. Juu yake naweka bandeji za plasta, zile wanazofungiwa waliovunjika mguu, ili ule mpira usipinde. Mtu wake wa karibu anamshika mkono muda wote na tumekubaliana ishara, akinyanyua kidole kimoja natoa kila kitu hapohapo hata kama ni kazi ya kutwa. Mwenye pumu au anayeogopa kufunikwa uso simfanyii, nampima kwa bikari na kumpiga picha pande zote inatosha. Robo saa, dakika 20, nabandua, na hapo sikai kupiga stori, namwaga plasta ndani mara moja kwa sababu alijineti ikikaa inapoteza maji inasinyaa na mzee anasinyaa nayo.

Niwatahadharishe vijana mnaotaka kujaribu wenyewe: usipake plasta ya kawaida moja kwa moja usoni na usimzamishe mtu mkono kwenye ndoo ya plasta, ile ikiganda inatoa joto kali na haitoki. Wazungu wa zamani walifanya na walijua wanachofanya, wewe hujui.

Na kitu ambacho sijawahi kumwambia mteja ila leo nasema, ule uso wa kwanza ukitoka kwenye plasta unatisha. Macho yamefumba, midomo imebana, ni maiti kabisa. Siwaonyeshi familia hata siku moja. Naufunika kanga naenda nao kwenye kona, nautolea nakala ya udongo, namfungua macho, namrudishia ile hali yake ya kutaka kusema kitu. Hiyo ndo kazi yangu ilipo. Vipimo vyote nimepewa na yeye, mi naongeza uhai tu, na hapo kama nimekosea basi nitukaneni gazetini, ntakubali.

Kinachonikimbiza kuliko biashara ni kwetu Newala. Nilipokuwa mdogo mabibi wenye chale usoni walikuwa kila mtaa, mistari imepangwa kwenye mashavu na kipaji cha uso kwa hesabu zake, na wengine walikuwa na ndonya, kile kipande cha urembo, kwenye mdomo wa juu. Leo nikienda nawahesabu kwa vidole na vidole vinabaki. Picha ya simu haishiki chale, jua likiwa juu zinapotea zote inabaki ngozi tu. Alijineti inashika, unaweza ukafumba macho ukazisoma kwa vidole. Nina bibi mmoja tu nimefanikiwa, aliniuliza mara tatu kama natoza hela, nilipomwambia bure akasema basi fanya na mabega maana na huko zipo.

Naomba nisieleweke vibaya kwamba kila mtu lazima awe na sura yake kwenye faiba. Nina wateja Waislamu ambao sura hawataki kwa sababu za dini na siwashawishi, nawatengenezea kibao cha jina, au mkono, au nasubu kitu alichokuwa anatumia marehemu, nimeshatoa mkasi wa fundi cherehani na chano cha muuza kahawa. Na kukumbuka mtu bila kumfananisha ni jambo la zamani pwani hii. Wenzetu Wamijikenda wana vigango, mbao ndefu zina kichwa cha duara na nakshi za pembetatu, anasimamishiwa mzee wa chama cha Gohu aliyefariki na hakuna anayeuliza pua iko wapi, wanajua ni nani. Vikaibiwa vingi vikaishia kwenye makumbusho na majumba ya matajiri Marekani, makumbusho ya Denver peke yake yalikubali kurudisha 30. Mtu anaiba kumbukumbu ya babu wa mwenzie anaweka sebuleni pembeni ya TV, mi sijui walilalaje.

Kwa hiyo kama hutaki sura sawa. Ila kama unataka sura, basi nipe sura.

Kidogo kuhusu vibao kwa sababu huko nako tunalaumiwa. Alumini nayeyusha pistoni za magari, sio fremu za madirisha, pistoni zina silikoni ndani yake kwa hiyo zikiyeyuka zinatiririka mpaka kwenye kona za herufi ndogo. Alumini tupu inayeyuka nyuzi 660, mkaa na feni vinatosha, ndo maana mafundi masufuria wanafanya uani. Shaba nyeusi inataka zaidi ya nyuzi 900, ukiniletea oda ya shaba na bajeti ya alumini usinilaumu. Adui ni unyevu, mchanga ukiwa na maji chuma kinaruka, nina kovu juu ya mguu la siku niliyosubu nimevaa ndala. Na adui mwingine ni nyie. Kuna familia walinitumia meseji "kuzaliwa 1983", nikapanga herufi, nikafinyanga kalibu, nikasubu, nikapiga msasa siku mbili, kumbe mzee ni wa 1938, akawa mdogo kuliko mtoto wake wa kwanza ambaye ndo aliyetuma meseji. Alumini haina ufutio jamani. Sa hivi kila maneno yanaandikwa kwenye karatasi na kusainiwa na watu wawili wa familia wasioelewana, ndo wanakagua vizuri.

Na nyie kamati za shule na makanisa na vyama vya ushirika, mwasisi wenu akistaafu mleteni mwezi huohuo, siku ya sherehe akabidhiwe kichwa chake mwenyewe pamoja na lile godoro na baiskeli. Lipeni nusu kabla. Jina la fundi likae nyuma, dogo tu, hakuna atakayekufa.

Sasa mjomba. Yeye ndo alinikatalia kuliko wateja wote. Kila nikimwambia kaa nikupake ananijibu mi nimechonga mashetani miaka 50 sitaki na mimi niwe kinyago. Alikuwa wa mkono wa kushoto na kidole chake cha shahada hakikuwa na kucha, tezo liliichukua zamani sana. Siku moja masika, mvua inapiga mabati hakuna mteja, nina alijineti imebaki kidogo na inakaribia kupita tarehe, nikamwambia basi nipe mkono tu, akacheka akachukua tezo akaushika mpini vile anavyoushikaga akatumbukiza kwenye ndoo. Ilikuwa mchezo. Aliuliza inanuka nini, nikamwambia ladha ya minti, ya wagonjwa.

Alifariki miezi mingine saba mbele. Familia ikataka kichwa, na mimi ndo fundi, nikakosa pa kujificha. Nimemfinyanga mara tatu kwa kumbukumbu zangu na picha mbili, na mara zote tatu anatoka mimi. Wachongaji tunalijua hilo, mkono usipokuwa na kipimo unarudi kwenye sura unayoiona kila asubuhi ukinyoa ndevu, na kwa kuwa tunafanana kidogo watu wanasema ahaa kama yeye, na mi najua sio yeye. Nimeuvunja udongo mara zote tatu. Mkono ndo upo pale kibandani juu ya rafu, plasta nyeupe, tezo limebanwa, kidole hakina kucha, na wateja wa mjomba wa zamani wakiingia hawaulizi ni wa nani.

Mama yangu, dada yake, ana miaka 74 na amekataa miaka yote kwa sababu zilezile za uchuro. Mwezi uliopita alikuja kibandani, akauangalia ule mkono kimya muda mrefu, akaugusa pale palipokosa kucha. Wiki iliyofuata akanipigia simu kuuliza hiyo dawa yenu inachafua nguo. Jumapili hii naenda Mbagala na ndoo, bandeji za plasta na vaselini kopo zima. Amesema hatavua kilemba, anataka soda ya baridi ikiisha, na nyusi ikitoka hata moja nisirudi.

Wenu,
Fundi wa Jumamosi,
Mwenge, Dar es Salaam